Mjukuu Mwenye Pasipoti ya Kigeni: Viza, Vyeti na Safari ya Mtoto Mchanga Mpakani

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii kwa wakazi wa mpaka wa Busia



Nimeombwa nizungumze juu ya mtoto mchanga ambaye uraia wake ni tofauti na wa wazazi wake, na juu ya viza anayohitaji anaposafiri. Huenda wengine mkajiuliza: polisi wana nini na viza? Viza hutolewa na Idara ya Uhamiaji, wala hakuna afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kuitoa. Ni kweli. Lakini karatasi zinapokosekana, na mtoto analia mikononi mwa mtu asiyeweza kuonyesha kuwa ni wake, anayeitwa ni polisi. Ni afadhali tuonane hapa, tukiwa tumeketi na akili zetu zimetulia, kuliko kuonana huko.

Jambo hili limetufikia kwa njia ya kawaida kabisa. Vijana wetu wamekwenda mbali kusoma na kutafuta kazi. Huko wanaoana na kuzaa. Kisha wanataka wazazi wao huku nyumbani wamwone mjukuu, au wanataka mjukuu akae na nyanya yake mwaka mmoja au miwili mpaka mambo yao yanyooke. Hapo ndipo mtoto wa miezi minane anapotua Afrika Mashariki, naye kwa karatasi ni mgeni kuliko abiria wote walio ndani ya basi.

Tuelewane kwanza juu ya chanzo cha tofauti hiyo. Chukueni mfano wa mke na mume wa hapa kwetu, wote wawili raia wa Uganda kwa kuzaliwa, walioko ng'ambo kwa kibali cha masomo au cha kazi. Mtoto wao akizaliwa Toronto, sheria ya Kanada humhesabu kuwa raia wa Kanada kwa sababu tu amezaliwa katika ardhi ile. Akizaliwa London, hali ni nyingine: tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa Uingereza pekee hakumpi mtoto uraia wa Uingereza, sharti mzazi mmoja awe raia wa huko au awe na ruhusa ya kuishi huko bila kikomo. Akizaliwa Maskati, atabaki kuwa mtoto wa wageni, kwa maana Oman hufuata uraia wa baba na si mahali pa kuzaliwa. Wazazi ni wale wale, na damu ni ile ile, lakini mtoto mmoja kati ya hao watatu atakuwa na pasipoti ya kigeni, na wawili hawatakuwa nayo. Hakuna aliyechagua. Kwa hiyo wale wanaonong'ona sokoni kwamba wazazi wa mtoto kama huyo wameikana nchi yao wanawaonea bure.

Huku kwetu sheria hutazama zaidi ukoo. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 10, inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa kila mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake au wa wazazi wa wazazi wake alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa wakati mtu huyo alipozaliwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au nje yake. Nchi hizi mbili zinamruhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili.

Basi yule mtoto wa Toronto ni wa Kanada kwa ardhi na ni wetu kwa ukoo. Shida ni kwamba afisa aliye dirishani hana kitabu cha koo za Wasamia wala cha Waiteso. Yeye husoma pasipoti iliyo mbele yake. Ikiwa pasipoti pekee ya mtoto ni ya Kanada, basi mtoto huyo, siku hiyo na mahali hapo, ni Mkanada, na atashughulikiwa kama Mkanada yeyote anayekuja kutazama sokwe. Wako wanaokasirika sana wakiambiwa hivyo. “Huyu ni mjukuu wangu! Ana jina la babu yake!” Hasira hiyo naielewa, ila haifungui lango.

Sasa tuifuate safari yenyewe, maana ndani yake ndimo mitego ilimo. Nyanya amekwenda Toronto kumsaidia binti yake aliyejifungua, na sasa anarudi na mtoto. Tiketi iliyopatikana kwa bei nafuu inatua Nairobi. Kutoka Nairobi watapanda basi la usiku hadi Busia, kama tunavyofanya wote. Nyanya ana pasipoti ya Uganda. Kenya haimdai chochote, kwa kuwa yeye ni raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anasahau kwamba uhuru huo ni wa raia, na hauhami kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto aliyembeba.

Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza za zamani na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya mtandao kabla ya safari. Idhini hiyo huombwa kwa kila msafiri anayepaswa kuwa nayo, hata mtoto wa mgongoni. Mtoto mwenye pasipoti ya Kanada anapaswa kuwa nayo. Asipokuwa nayo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kampuni ya ndege itawazuia huko huko Toronto, kwa sababu ndege inayoleta abiria asiye na ruhusa ya kuingia hulazimika kumrudisha. Nyanya atasimama kaunta na mizigo yake mitano, na hakuna mtu wa kumtetea.

Tuseme idhini ya Kenya ipo. Wamefika, wamelala njiani, na alfajiri wako hapa Busia. Hapa inahitajika viza ya Uganda, nayo pia huombwa kwa mtandao kabla ya safari. Ada ya kawaida ya viza ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani. Mzazi hujaza fomu kwa niaba ya mtoto, huweka nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, na picha ya mtoto.

Kuhusu picha hiyo niseme neno, kwa sababu imechelewesha familia nyingi kuliko sheria zote nilizozitaja. Mtoto apigwe peke yake. Mkono wa mama usionekane, kichezeo kisionekane, na macho yawe wazi. Mlazeni juu ya shuka jeupe mchana penye mwanga, na anayepiga picha asimame juu yake bila kumtilia kivuli. Fanyeni hivyo akiwa ameshiba.

Mtego mkubwa zaidi kwetu watu wa mpakani ni maneno haya mawili: kuingia mara moja. Mtu wa Kampala anayeyasoma hashtuki, kwa sababu mgeni wake ataingia na kukaa. Lakini sisi tunaishi mahali ambapo kuvuka barabara ni kutoka nchini. Msiba ukitokea upande wa pili, tunavuka. Harusi, tunavuka. Mtoto akipata homa na daktari mzuri yuko Eldoret, tunavuka. Mtoto mwenye viza ya kuingia mara moja akigongewa muhuri wa kutoka, viza ile imekwisha kazi yake hata kama siku zilizoandikwa zimebaki nyingi. Kurudi kwake nyumbani jioni ile kunahitaji viza mpya.

Kwa familia ya Busia, Malaba au Lwakhakha, kwa hiyo, mara nyingi inafaa zaidi viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Kenya, Rwanda na Uganda. Ada yake ni dola 100, inadumu siku 90, na mwenye nayo anaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu mara nyingi apendavyo katika muda huo. Huombwa kwa nchi atakayoingia kwanza. Kwa safari niliyoieleza, hiyo ni Kenya. Jina lake ni la utalii, na wengine hulikwepa wakidhani linawahusu wazungu wenye kofia za jua. Mjukuu anayekuja kuwaona babu zake kwa miezi miwili naye ni mgeni anayetembelea. Angalizo ni moja: Tanzania haimo katika viza hiyo. Ukimpeleka mtoto Bukoba kwa shangazi yake kupitia Mutukula, umetoka nje ya eneo lake na viza imekoma.

Suala la homa ya manjano huulizwa kila mara. Uganda hudai cheti cha chanjo kwa wasafiri waliotimiza mwaka 1 na kuendelea. Mtoto wa miezi minane hahusiki na sharti hilo, na chanjo yenyewe kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Asikudanganye mtu mpakani kwamba mtoto mchanga lazima “alipiwe” cheti hicho.

Nageukia sasa jambo linalonisumbua zaidi kuliko safari ya kuja. Ni kubaki.

Mtoto anaingia kwa viza ya miezi mitatu. Wazazi ng'ambo wanasema atarudi Desemba. Desemba inapita, tiketi ni ghali, mama amebadilisha kazi, baba yuko zamu za usiku. Nyanya hana haraka, amemzoea mtoto. Viza inakwisha bila mtu kuitazama, kwa sababu nani hutazama viza ya mtoto anayejifunza kutembea? Mwaka unapita, kisha wa pili na wa tatu. Mtoto anaongea Kisamia vizuri kuliko mimi. Anaanza shule. Siku moja shule inauliza namba yake ya utambulisho wa taifa, na nyumba nzima inatazamana. Au mbaya zaidi: mama anaugua ghafla huko ng'ambo, mtoto anahitajika asafiri wiki ile ile, na uwanja wa ndege wa Entebbe unasoma muhuri wa miaka minne iliyopita. Adhabu ya kupitiliza muda huhesabiwa kwa siku. Hesabuni wenyewe siku za miaka minne. Na pasipoti ya mtoto wa Kanada hudumu miaka 5 tu kwa kikomo cha juu, kwa hiyo mara nyingi nayo imekufa droo ile ile pamoja na viza.

Hakuna mtu mbaya katika habari hiyo. Ni upendo mtupu, na mtoto ndiye anayekwama.

Njia ya kuliepuka hilo iko katika ibara ile ile ya 10. Ikiwa mtoto anakuja kukaa, msimletee kama mtalii. Aombewe pasipoti ya Uganda kwenye ubalozi wetu kabla ya safari, kule Ottawa kwa wale walioko Kanada, au kwenye ubalozi mwingine ulio karibu na wazazi. Akiwa nayo, ataingia Uganda kama raia, na atapita Kenya kama raia wa Jumuiya, bila viza. Atumie pasipoti hiyo hiyo kuingia na kutoka Afrika Mashariki, na ile ya Kanada aionyeshe Kanada. Kuchanganya mihuri katika vitabu viwili huzaa maswali yasiyo na sababu.

Ombi hilo linahitaji kuthibitishwa kwamba mzazi ni raia kwa kuzaliwa. Hapo wako wanaokwama, kwa mfano mzazi aliyechukua uraia wa kigeni zamani, wakati ambapo Uganda haikuwa ikiruhusu uraia wa nchi mbili, na hakurudi kuuomba ule wa kwanza. Wengi wa namna hiyo hudhani mlango umefungwa hata kwa watoto wao. Someni tena maneno ya ibara: mmoja wa wazazi, au wa wazazi wa wazazi. Babu na nyanya wamo ndani ya Katiba. Nyanya aliyeketi hapa na kitambulisho chake cha taifa, ambaye pengine hajawahi kupanda ndege, anaweza kuwa ndiye daraja la uraia wa mjukuu aliyezaliwa kwenye theluji. Kwa hiyo mama zetu, tunzeni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu. Kile cheti cha kuzaliwa cha binti yako kilicholiwa na panya pembe moja ndicho kinachounganisha wewe na mjukuu. Bila hicho, mna jina tu.

Na majina yetu, kwa bahati mbaya au nzuri, hayasaidii. Mzungu akiona mama anaitwa Smith na mtoto anaitwa Smith, anaridhika. Kwetu baba ni Ouma, mama ni Nabwire, na mtoto ni Wandera. Kila jina lina maana yake na heshima yake, lakini hakuna linalosema huyu ni wa yule. Afisa wa uwanja wa ndege huona watu watatu wasiohusiana. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa cha mtoto lazima kisafiri pamoja na mtoto, si kubaki ndani ya sanduku. Na kiwe kile kirefu. Mikoa ya Kanada hutoa vyeti vya aina mbili, kifupi chenye jina la mtoto na tarehe yake, na kirefu chenye majina ya wazazi. Kile kifupi kinapendeza na kinaingia mfukoni, lakini hakithibitishi uzazi wa mtu yeyote.

Pamoja na cheti hicho iwepo barua ya idhini. Ikiwa mtoto anasafiri na mzazi mmoja, yule mwingine aandike kwamba anakubali. Ikiwa anasafiri na nyanya au mjomba, wazazi wote wawili waandike. Barua itaje jina la mtoto, namba ya pasipoti yake, nani anamchukua, anakwenda wapi, kwa muda gani, na namba za simu za wazazi. Isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na iambatane na nakala za vitambulisho vya waliosaini. Serikali ya Kanada yenyewe inahimiza barua ya namna hiyo kwa kila mtoto anayetoka nchini bila wazazi wake wote wawili. Ukurasa mmoja tu. Nimeona nyanya aliyepita dirishani kwa dakika tatu kwa sababu ya ukurasa huo, na baba mzazi halisi aliyekaa kwenye benchi letu tangu asubuhi hadi jua lilipotua kwa kukosa ukurasa huo, tukitafuta mtu wa kumtambua.

Najua yule baba alituona wakatili. Niseme kwa nini tunauliza.

Watoto huibwa. Huchukuliwa pia kwa hila, kwa ahadi ya shule au ya kazi nyepesi, na mpaka wenye watu wengi kama huu ni mahali pazuri pa kumpoteza mtoto ndani ya umati. Sheria ya Uganda ya kuzuia biashara haramu ya binadamu ya 2009 inalihesabu kosa hilo likifanywa kwa mtoto kuwa miongoni mwa makosa mazito kabisa, na adhabu yake yaweza kufika kifo. Kenya ina sheria yake ya 2010. Mtoto mchanga hawezi kusema “huyu si mama yangu”. Hana kitambulisho wala alama ya kidole inayosomeka sawasawa. Kilichobaki kumlinda ni karatasi na swali la afisa. Swali hilo humfikia mama halali mara mia kabla ya kumfikia mwizi mmoja, nami sioni namna ya kulikwepa. Lakini naona namna ya kuliuliza kwa heshima, na hilo mnayo haki ya kutudai. Mama anayenyonyesha aketishwe. Mtoto asitenganishwe naye kwa sababu ya karatasi pekee isipokuwa pana dalili nyingine. Mkikutana na afisa asiyefanya hivyo, andikeni jina lake lililo kifuani na mtuletee.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba, nanyi vijana wa bodaboda nawaomba zaidi: msimpitishe mtoto njia za panya. Neno bodaboda linasemekana lilizaliwa hapa hapa, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hakuna anayejua vichochoro vya mji huu kuliko ninyi. Mtoto aliyevushwa kichochoroni hana muhuri wa kuingia. Kwa sheria bado yuko upande aliotoka. Akifa hospitalini, na nasema hivyo kwa sababu wapo wanaovushwa wakiwa wagonjwa, kumrudisha kuzikwa kunakuwa mateso juu ya mateso. Mtoto akizidiwa usiku, nendeni moja kwa moja kituoni. Maafisa wa Kenya na wa Uganda wanafanya kazi pamoja katika kituo kimoja tangu kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi zetu mwezi Februari 2018. Semeni ukweli: mtoto ni mgonjwa, viza imekwisha, karatasi ni hizi. Mgonjwa anayejulikana husaidiwa upesi kuliko mgonjwa anayefichwa.

Kuhusu watoto waliozaliwa na mzazi mmoja wa huku na mwingine wa ng'ambo ya barabara, sitasema mengi, kwa kuwa hao kwa sheria ni wa pande zote mbili na hawahitaji viza popote kati ya nchi hizi. Wanachohitaji ni kuandikishwa. Kenya humpa mzazi miezi 6 kuandikisha uzazi kabla ya kuhesabiwa amechelewa. Tatizo kubwa ni wale wanaoandikisha mara mbili, hospitali moja upande huu na chifu upande ule, kwa majina tofauti na tarehe tofauti, wakidhani wanamwongezea mtoto bahati. Mnamfanya watu wawili. Akifika miaka 18 atatakiwa kueleza ni yupi kati yao. Na aliyezaa na Mtanzania ajue kwamba Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wake akiwa na wa nchi nyingine. Mtoto huyo atapaswa kuchagua akikua.

Akina mama wenye mabinti katika nchi za Ghuba, nanyi nimewakumbuka. Mjukuu aliyezaliwa Riyadh au Dubai hapati uraia wa huko, hilo limekwisha kuelezwa. Lakini katika baadhi ya nchi hizo mama asiye na cheti cha ndoa hupata taabu kubwa hata kumwandikisha mtoto, na mtoto asiyeandikishwa hawezi kupewa ruhusa ya kutoka. Yeye hana uraia tofauti na wa mama yake. Ana uraia wa mama yake bila karatasi ya kuuonyesha, na hiyo ni hali ngumu kuliko ile ya mtoto wa Toronto. Sheria za Uganda na Kenya zote zinamtambua kupitia mama peke yake, baba awepo au asiwepo. Binti aende ubalozini mapema, aombe hati ya dharura ya kusafiria kwa ajili ya mtoto, asisubiri mkataba wa kazi uishe. Nanyi huku nyumbani msimwongezee aibu kwenye simu mpaka aogope kwenda.

Mwisho ni fedha. Ada za viza na za idhini ya Kenya hulipwa kwenye mtandao wa serikali, na risiti hutolewa. Anwani ya kweli ya Uganda huishia na .go.ug, na ya Kenya huishia na .go.ke. Zipo kurasa za mawakala zinazofanana nazo kwa rangi na bendera, zikitoza mara mbili au tatu. Hakuna ada ya viza inayolipwa mkononi mwa kijana aliyesimama nje ya lango, hata akiwa amevaa koti lenye nembo. Na hakuna ada ya polisi kwa kusoma cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hakuna kabisa, iwe ndogo au kubwa, iwe ya chai au ya soda.

Wenye pasipoti za wajukuu nyumbani, fungueni droo leo jioni mtazame tarehe mbili: ya mwisho wa pasipoti, na ile iliyo ndani ya muhuri wa kuingia. Ikiwa tarehe ya muhuri imepita, njooni nayo pamoja na kitambulisho cha nyanya au babu na cheti cha kuzaliwa cha mzazi, tuwapeleke kwa maafisa wa uhamiaji wenyewe. Kwenda kwa hiari kabla ya safari na kukamatwa siku ya safari ni mambo mawili tofauti.

Nimemaliza. Maswali sasa, yule mama mwenye leso ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja Dubai, aanze yeye.